Sambaza za Grande Barrière

Wageni wanaokuja kambini hutuuliza: tukifika Gisenyi, tule wapi chakula cha Goma? Mimi ninawajibu: hata msivuke. Kabla ya Grande Barrière, shukeni ufukweni, muagize sambaza za kukaanga, ndimu na pilipili pembeni, na bugali ya moto.

Watu wa Goma na wa Gisenyi, kila mmoja anasema sambaza ni zake. Kumbe zamani Ziwa Kivu halikuwa nazo. Zilitolewa Ziwa Tanganyika, kule zinakoitwa ndagala, zikaachiliwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Zikazoea, zikazaana. Sasa wavuvi wa pande zote mbili wanazifuata usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja.

Julai 1994 mamia ya maelfu walikimbia Rwanda wakaingia Goma. Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, Goma ikakimbilia Gisenyi. Mei 2021 vilevile. Kila mara waliokimbia walikula kwa jirani.

Sisi wenye karatasi ya ukimbizi hatuvuki tunavyotaka. Lakini sambaza hazijafikisha miaka 70 katika ziwa hili, na hakuna anayeziita wageni. Watoto wetu waliozaliwa kambini nao wanahesabu miaka.