Shamba ya Ponzi iko wapi?

Nianze na haya yangu. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa promo aliniingiza katika kikundi cha WhatsApp. Unaweka dola 50, kiisha siku 30 unakamata 65. Niliweka, na hata kabla siku hazijatimia nikamwita rafiki ninayekaa naye nyumba moja, naye akaweka 50. Siku ya 30 nikaona 65 zangu kwenye simu, bila shida yoyote. Basi nikaongeza 200, feza ya mbegu za tomate na dawa za msimu. Majuma matatu kisha, kikundi kikafungwa, namba zote hazipatikani.

Mimi ni wa agronomia. Nilipata licence kwa kupima mavuno ya mahindi kwa kila hekta. Lakini sikuuliza hata siku moja: hii feza inaota mu shamba gani?

Swali hilo lilikuwa la kumwuliza Charles Ponzi, Mwitaliano aliyezaliwa Lugo mwaka 1882. Mwaka 1920, katika mji wa Boston kule Marekani, aliahidi faida ya 50% kwa siku 45. Na yeye alikuwa na shamba ya kuonyesha: kuponi za posta za kimataifa. Wakati ule, ukimwandikia mtu wa nchi nyingine, ulimwekea kuponi ndani ya barua, naye aliibadilisha posta kwa tembre ya kukujibu. Kiisha Vita ya Kwanza ya Dunia, feza ya Italia ilikuwa imeshuka sana. Kuponi iliyonunuliwa kule kwa bei ndogo ilileta Marekani tembre za bei kubwa. Kwenye karatasi, hesabu ilisimama.

Mu dunia ya kweli haikusimama. Mwezi wa saba wa mwaka ule, mtaalamu wa mambo ya feza Clarence Barron alionyesha katika gazeti Boston Post kwamba kwa feza yote ile zingehitajika kuponi kama milioni 160. Zilizokuwa zinazunguka zilikuwa karibu elfu 27 tu. Mwezi uliofuata Ponzi alikamatwa. Alikufa maskini Rio de Janeiro, mwaka 1949. (Na hakuwa wa kwanza hata katika mji wake: Sarah Howe alikuwa amefanya mchezo wa namna ile Boston miaka 40 mbele yake, akipokea feza za wanawake wasioolewa tu.)

Wengi wanasema michezo hii inaanguka juu ya mwizi kukimbia na sanduku. Hapana. Tuseme mwenye mchezo ni mtu safi, hajilipi hata franga moja. Watu 10 wameweka dola 100 kila mmoja, kwa masharti ya Ponzi. Kiisha siku 45 anawadai 1.500. Kwa kuwa hakuna shamba, anahitaji watu wapya 15. Hao 15 nao watalipwa na wengine 23, hao na 34. Endelea hivyo: mwaka wa kwanza ukiisha, anatafuta watu kama 256. Mwaka wa pili, zaidi ya 6.500. Wa tatu, elfu 168. Wa nne, zaidi ya milioni 4. Hata bila polisi, hata bila gazeti, mji unaisha watu. Gazeti linafupisha tu safari. Na waliolipwa vizuri njo wanaharakisha kifo, maana wanarudi na feza kubwa zaidi na kuita majirani. Mimi nilirudi na 200.

Kuna wanaosema: si ni kama likelemba? Hapana, tusichanganye. Katika likelemba tukiwa 10, kila mwezi kila mtu anatoa 20, mmoja anakamata 200. Mzunguko ukiisha, kila mtu ametoa 200 na amepata 200. Hakuna aliyeahidiwa mavuno.

Wazazi wetu waliona haya wazi mwaka 1991, wakati wa Zaïre. Kule Kinshasa michezo ya feza ilisambaa, na iliyojulikana kuliko yote ni Bindo Promotion ya Michel Bindo Bolembe. Watu walipanga mistari kupeleka akiba ili izidishwe mara nyingi kwa muda mfupi. Vijana wa leo tunacheka: walikuwa wajinga? Tuache kucheka. Bei zilikuwa zinapanda kila mara, mshahara wa mwalimu unayeyuka mbele mwezi haujaisha. Mtu akiweka feza nyumbani, inakufa. Mahali ambapo kutunza ni kupoteza, anayeahidi kuzidisha anaonekana kama mtu wa akili. Mwaka ule ule Bindo ilianguka, na akiba za familia nyingi zikaenda nayo.

Sisi hatuna hata sababu ile. Dola zangu 200 hazikuwa zinayeyuka, zilikuwa zinangojea mvua.

Jambo ambalo linanisumbua usiku si zile 200. Ni zile 65. Nimerudia ujumbe wa kikundi, nimeangalia tarehe. Rafiki yangu aliweka 50 zake siku nne mbele ya mimi kulipwa. Hakukuwa na shamba ingine. Nilimwambia, akanyamaza, kisha akauliza kama nimekula. Nimemrudishia 30. Zimebaki 20, na msimu huu nimeotesha tomate kwa mbegu za kukopa.