Sare Iliyo Ushindi: Masomo ya Mtandaoni kwa Wahudumu wa Afya Walio Kazini

Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane ulichapisha uchambuzi ambao wasioyaamini masomo ya mtandaoni wameugeuza fimbo. Majaribio 16, yenye wahudumu wa afya 5,679, yalipima masomo hayo dhidi ya mafunzo ya kawaida. Tofauti iliyoonekana katika utendaji wa wahudumu na hali za wagonjwa ilikuwa ndogo mno, au haikuwepo. Si tulisema?

Wamesoma jibu wakaruka swali. Zilizolinganishwa ni njia mbili za kusoma, si kusoma na kutosoma. (Hilo la pili David Cook na wenzake walikwisha kulijibu mwaka 2008, baada ya kukusanya tafiti 201.) Kwa hospitali ya rufaa yenye ukumbi wake wa mihadhara, sare hiyo si habari. Kwa zahanati yenye wauguzi wawili mambo ni mengine: mmoja akienda chuoni, mwenzake hubaki na chanjo, kliniki ya watoto na mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku. Hapo sare ni ushindi.

Kenya ilipiga hesabu hii mapema. Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi, shirika la afya la AMREF na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada bila kuwatoa kazini. Walikuwa zaidi ya 20,000. Kwa kasi ya madarasa ya siku zile, kazi ingechukua zaidi ya karne moja. Wangestaafu wao, na wajukuu zao pia, kabla foleni haijasogea. Lengo la kuimaliza kwa miaka mitano lilikuwa la kujipa moyo kupita kiasi, lakini ubunifu wa mpango haukuwa kwenye lengo hilo. Intaneti ilikuwa haba, kwa hiyo masomo yalitiwa kwenye CD na kompyuta zikapelekwa katika vituo zaidi ya 100 kote nchini. Muuguzi alimaliza zamu, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma. Kazi za mikono alizifanya wodini chini ya msimamizi. Mwishowe akafanya mtihani wa Baraza. Wanaosema sindano haifundishwi kwa skrini wamesema kweli. Hakuna aliyejaribu kuifundisha hivyo.

Na mgonjwa je? Huko New Mexico, Marekani, Dkt. Sanjeev Arora alianza mwaka 2003 kukutana kwa video na wahudumu wa vijijini na magerezani kujadili wagonjwa wao wa homa ya ini aina ya C. Utafiti wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 407, ulikuta matibabu yamefanikiwa kwa asilimia 58.2 kwa wahudumu hao na 57.5 katika kliniki ya chuo kikuu. Haukuwa wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na wenye shaka wana haki ya kulishikilia hilo. Ila hata huko, ni sare tena.

Kinachobaki kuamuliwa ni saa. Muuguzi anayesoma baada ya zamu ya usiku analipa kwa usingizi wake kile ambacho mwajiri angelipia darasani. Wizara na kaunti zinazotangaza zabuni za programu mpya za mafunzo zianze na ratiba ya zamu: ziandike humo saa za kusoma, na zizilipe.