Mimea vamizi kandokando ya barabara

Mimea vamizi ya kandokando ya barabara ni ile iliyoletwa kutoka kwingine ikaota kwenye kingo, mitaro na vifusi, kisha ikaibana mimea ya asili. Barabara huifaa: udongo umechimbuliwa, jua halina kizuizi, na magari hubeba mbegu kwenye matope ya magurudumu.

Kaskazini mwa kisiwa cha Pemba ndiko uliko msitu wa Ngezi, uliohifadhiwa tangu 1959, na barabara ya Konde kwenda Makangale hupita katikati yake. Ngezi ni makazi ya popo wa Pemba, tena huota humo mpapindi (Dypsis pembana), mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili hauoti kokote nje ya Pemba. Kichaka kinachoanzia ukingoni mwa barabara hiyo kina njia fupi ya kuufikia msitu.

Si kila mvamizi hutoka ng'ambo ya bahari. Mhesi (Maesopsis eminii) ni mti wa asili Kagera na Uganda, lakini ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, ulienea kwa mbegu zinazoangushwa na hondohondo. Ngezi pia ulipandwa, ukaanza kuingia msituni.

Gugu karoti, lenye majani ya karoti na maua madogo meupe, lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Hutoa maua wiki nne hadi sita baada ya kuota, na mche mmoja waweza kuzaa mbegu zipatazo 25,000. Huwasha ngozi, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Anayeling'oa avae glovu.

Lantana, kichaka vamizi, haishindwi kwa panga peke yake. Ikikatwa huchipua upya kisikini, kwa hiyo mizizi ichimbwe, kisha pahala hapo papandwe nyasi za kienyeji. Ardhi ikiachwa uchi, mvamizi mwingine ataingia. Kazi rahisi zaidi, nayo ndiyo husahauliwa na wajenzi, ni kuosha greda kabla ya kuhamia eneo jingine na kukagua kifusi kinakochimbwa.

Pemba hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukaguzi wa kingo ufanywe mara mbili kwa mwaka, wiki chache baada ya mvua kuanza, wakati udongo ni laini na maua bado.