Kanga: Mkakati Ulioanzia kwa Wavaaji

Katikati ya karne ya 19, kitambaa kilichotawala soko la Unguja kilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts. Biashara hiyo ilikuwa na msingi: Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1833. Waingereza walijaribu kuiga kitambaa hicho, lakini wanunuzi waliujua uzito wa merikani na hawakudanganyika. Ilipozuka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani mwaka 1861, shehena zilipungua, na baadaye viwanda vya Bombay vikalichukua soko.

Wakati huohuo wanawake wa mjini walikuwa na lao. Mapokeo ya pwani yanasimulia kwamba walinunua leso sita zikiwa bado hazijakatwa, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaunga vipande hivyo viwili kuwa vazi moja pana. Wenye maduka waliona. Wakaagiza nguo ya kipande kimoja, ndiyo kanga, yenye pindo pande zote na mji katikati, ikauzwa kwa doti, yaani mbili mbili.

Vyuo vya biashara leo hufundisha kwamba mkakati huanza kwa kumtazama mtumiaji, kujaribu, kisha kurekebisha. Kampuni ya ubunifu ya IDEO, California, imesifika duniani kwa mbinu hiyo. Mimi naona kanga inastahili kufundishwa kando yake, tena kwa heshima kamili. Bidhaa ilikwisha kubuniwa na wateja wenyewe. Busara ya mfanyabiashara ilikuwa kuitambua na kuifuata.

Nayo ilikidhi haja kubwa kuliko mapambo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa, waliozoeshwa merikani na kaniki, walitaka vazi la kuwatangaza kuwa waungwana. Kanga yenye rangi ilibeba tangazo hilo.

Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikatambulika kwa maandishi "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuingiza jina, yaani msemo ulio juu ya pindo la chini, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza majina yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Hapa ndipo ninapoona fikra pevu zaidi. Mwanamke mwenye sanduku lililojaa kanga hana haja ya nguo nyingine, lakini ana neno jipya la kumwambia mume, jirani au mke mwenza. Jina lilimpa sababu ya kurudi dukani.

Uchapaji wa kanga ulifanyika mbali, Uholanzi na Uingereza, kisha India na Japani. Aliyekosea ladha ya wateja alibaki na marobota yasiyonunulika, hivyo ilimlazimu muuzaji kuwasikiliza wanawake kabla ya kuagiza. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na umbali kati ya mchoraji na mvaaji, uliokuwa wa bahari nzima, ukawa wa kupanda basi.