Safari Fupi za Baharini: Visiwa Vidogo katika Historia ya Waswahili na Lugha Yao

Utangulizi

Historia ya Waswahili imezoeleka kuelezwa kwa safari ndefu. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, kisha yakarejea kwa kusi, yamepewa nafasi kubwa katika vitabu, na kwa haki, kwani yaliacha athari katika dini, biashara na msamiati. Hata hivyo, majahazi hayo yalifuata msimu. Yalifika, yakauza, yakangoja upepo, yakaondoka. Yalipokwisha kuondoka, bahari haikubaki tupu. Mitumbwi, ngalawa, madau, mashua na mitepe viliendelea kuvuka milango ya bahari vikichukua nafaka, maji, boriti, samaki wakavu, maharusi na walimu wa vyuo.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba safari hizi fupi, za kutoka kisiwa hadi kisiwa, ndizo zilizowafanya watu waliotawanyika kuwa jamii moja, na usemi wao kuwa lugha moja yenye lahaja nyingi. Aidha, unadai kwamba safari hizo zilipokatwa na mipaka ya kisiasa, lahaja za visiwa vidogo zilipoteza mhimili wake.

Mazingira ya Safari

Kutoka visiwa vya Wabajuni, karibu na Kismayu, hadi Kerimba katika Msumbiji ya kaskazini, pwani imepangwa visiwa kama shanga katika uzi, ingawa uzi wenyewe hukatika mahali pengine. Kaskazini mna Pate, Manda na Lamu. Kusini mna Pemba, Unguja, Tumbatu, Mafia, Chole, Juani, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Visiwa vingi kati ya hivi viko karibu na bara, na miamba huvikinga na mawimbi makuu. Pemba peke yake, miongoni mwa visiwa vikubwa vya pwani hii, imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu. Unguja na Mafia ziko katika maji ya kina kifupi.

Katika mazingira hayo, msafiri hakuhitaji elimu ya nyota ili kufika jirani. Alihitaji kujua maji: yanapojaa, yanapokupwa, na njia ipi hupitika saa ipi. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa karne nyingi ulipitika maji yalipojaa tu. Elimu hiyo iliweza kuamua hata vita. Katika Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, majeshi ya Pate na Mazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu. Masimulizi husema kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa.

Chombo kilichofaa zaidi bahari hiyo kilikuwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa vimetajwa katika pwani hii tangu karne ya 1, katika maandishi ya Kigiriki yajulikanayo kama Periplus. Mitepe, iliyoundwa hasa na mafundi wa visiwa vya kaskazini, ilichukua boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani, na ilitoweka katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20.

Kisiwa Kisichojitosheleza

Ni kosa kukifikiri kisiwa kidogo kuwa ulimwengu uliojifunga. Ushahidi wa kale waonyesha kinyume chake. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wakazi wa kisiwa hicho hawakuwa na mashamba ya nafaka, bali waliletewa kutoka Sawahil. Tumbatu nayo ilijulikana kwa uhaba wa maji matamu. Maji yalivushwa kutoka Unguja. Kisiwa kilimpa mtu usalama, bandari na samaki; chakula, maji na mbao mara nyingi vilitoka ng'ambo. Mwenye kuishi kisiwani, basi, alilazimika kuwa na jirani.

Jirani huyo alikuwa pia kimbilio. Yaqut, mwanajiografia wa Kiarabu aliyefariki mwaka 1229, alitaja kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu, na kwamba wakazi wa huko walikuwa Waislamu. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Kua katika kisiwa cha Juani ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini, na makao makuu ya eneo hilo yakawa Chole, kisiwa kidogo kilicho jirani. Matukio haya mawili yametengana kwa muda wa miaka mia sita, lakini kanuni yake ni moja: kisiwa kikishindwa, watu huvuka mlango wa bahari na kuanza upya.

Masimulizi ya asili nayo yana jambo la kufundisha. Historia ya Kilwa husimulia merikebu saba zilizotoka Shirazi, kila moja ikatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzuwani katika Ngazija na visiwa vyake. Wanahistoria wengi leo hawalichukui simulizi hilo kuwa taarifa ya uhamaji halisi kutoka Uajemi. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulifunua misikiti midogo ya miti iliyotangulia ule wa mawe, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8, ndani ya makazi yenye asili ya Kiafrika. Lakini simulizi likisomwa kwa jicho jingine, lina ukweli wake. Linasema kwamba watu wa Kilwa waliwahesabu watu wa Pemba na Nzuwani kuwa ndugu. Merikebu saba ni ramani ya udugu uliojengwa na safari za kila siku.

Ushahidi wa Lahaja

Lugha yenyewe imehifadhi ramani hiyo. Wanaisimu, hasa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, wameonyesha kwamba Kiswahili na Kikomoro ni ndugu katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Ndani ya Kiswahili, msemaji wa Kiamu husema "jito", "ndia" na "mtele", pale msemaji wa Kiunguja asemapo "jicho", "njia" na "mchele". Tofauti hizi ni za kanuni, wala si za ovyo, na "ndia" husikika pia Mombasa.

Lau visiwa vingetengana kabisa, tofauti hizo zingezaa lugha mbalimbali. Hazikuzaa, kwa kuwa watu waliendelea kuvuka. Tungo nazo zilivuka pamoja nao. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na usemi wa visiwa vya kaskazini ukawa kigezo cha ushairi hata kwa watunzi ambao usemi wao wa nyumbani ulikuwa mwingine.

Mipaka

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya milki ya Sultani wa Zanzibar; mwaka 1890 walipatana tena, Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani. Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa Italia, na visiwa vya Wabajuni vikagawanyika kati ya dola mbili. Ngazija na visiwa vyake vilikuwa vya Wafaransa, Kerimba ya Wareno. Safari ya mchana mmoja ikawa safari ya kwenda nchi za nje.

Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo uliifaa lugha katika elimu na uchapishaji. Ila Kiunguja cha mjini kilikuwa chenyewe zao la wahamiaji wa visiwani na bara. Kiliposanifishwa, usemi wa waliochangia kukijenga ukaanza kuitwa makosa.

Hasara iliendelea. Baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, baadhi yao kwa mashua, wakifuata njia ileile ya mababu zao. Safari hii waliobaki nyuma walikuwa wachache.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba umoja wa Waswahili haukutokana na mji mmoja wala asili moja. Ulitokana na uhitaji: kila kisiwa kilipungukiwa na kitu alichokuwa nacho jirani. Kwa hiyo Kitumbatu, Kibajuni, Kimakunduchi na lahaja nyingine za visiwani hazifai kutazamwa kama vipande vilivyomeguka kutoka Kiswahili sanifu. Ni viungo vya mwili uliokuwapo kabla ya usanifishaji. Mtafiti anayeirekodi lahaja moja bila kuuliza wasemaji wake walikuwa wakivuka kwenda wapi, kuoa kwa nani na kununua nini, amerekodi nusu yake tu. Kazi hiyo yapasa ifanywe sasa, wangali hai wazee wanaozijua njia hizo za maji kwa majina yake.