Mkono wa gia ukilegea: kagua bushi kabla hujafungua giaboksi

Gari linaloshuka kutoka Kinole kwenda Morogoro mjini na mzigo wa ndizi linategemea vitu viwili: breki na gia. Breki peke yake haitoshi. Ikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na breki iliyopata moto unaweza kuikanyaga isishike. Ndiyo maana madereva wa milimani hufundishana kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Mkono wa gia ukiwa umelegea, dereva hana uhakika kama gia imeingia au gari liko nyutro, na kwenye kona za Uluguru kosa hilo linaweza kuua.

Makala hii inahusu magari ya zamani yanayobadilishwa gia kwa mkono: Land Rover, Toyota Land Cruiser na Hilux za miaka ya 1970 na 1980. Wenye magari haya wakiona mkono unacheza huambiwa mara moja kuwa giaboksi imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kilichoisha ni bushi ndogo ya plastiki.

Mkono wa gia unafanyaje kazi?

Kwenye magari mengi ya aina hii, mkono umesimama moja kwa moja juu ya giaboksi. Sehemu yake ya chini ina tufe la chuma linalokaa kwenye kiti chake, na springi inalikandamiza lisiruke. Ncha ya chini kabisa inaingia giaboksi na kusukuma vyuma vinavyochagua gia. Kwenye Toyota nyingi kuna bushi mbili: moja kwenye kiti cha tufe, nyingine imevalishwa kwenye ncha. Bushi hizi zikila, chuma hugonga chuma, na mkono huanza kuyumba na kupiga kelele.

Si magari yote yako hivyo. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, ilikuwa na gia pembeni mwa usukani, zikiunganishwa na giaboksi kwa fito. Pontiac GTO ya Marekani ya mwaka 1964 ilitoka na mkono wa gia wa kampuni ya Hurst, nao pia unavuta fito. Kwenye magari ya fito, ulegevu hutafutwa kwenye kila kiungo cha fito.

Pima kwanza

Zima injini, gari likiwa tambarare, kisha ingiza gia zote moja moja.

• Mkono ukicheza sana hata gia ikiwa imeingia, au ukilazimika kuitafuta gia, anza na bushi.
• Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zikakwaruza ikiwashwa, kagua klachi.
• Gia ikiruka yenyewe wakati wa kushuka, ukiwa umeachia mafuta, tatizo huenda liko ndani ya giaboksi: meno yaliyolika, springi za kushikilia gia au beringi. Bushi mpya haitaponya hilo. Gari lisipakie abiria mpaka litengenezwe.

Wenye Land Rover wakumbuke jambo moja. Kabla ya Series III, iliyotoka mwaka 1971, ni gia namba tatu na nne tu zilizosaidiwa kuingia bila kukwaruza. Gari la zamani zaidi likikwaruza kwenye namba moja au mbili, usilaumu mkono.

Hatua za kubadilisha bushi

1. Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, weka nyutro.

2. Fungua kirungu cha juu na mfuniko wa mpira. Kabla ya kuendelea, safisha vumbi na tope lote kwa brashi na kitambaa. Ukichomoa mkono, giaboksi inabaki wazi, na mchanga utakaoanguka humo utasaga meno.

3. Kwenye Hilux nyingi, kofia inayoshikilia mkono haina boliti. Ikandamize chini, izungushe kidogo kinyume na saa, kisha inua mkono wote. Land Rover ina mfungo wake, kwa hiyo angalia springi na pini zilivyokaa kabla hujazitoa.

4. Hesabu vipande vya bushi ya zamani. Kama kipande hakionekani, huenda kimeanguka ndani. Kitafute. Usipokipata, mwaga oili ya giaboksi ukitafute humo.

5. Kagua tufe na ncha. Kama chuma chenyewe kimelika, bushi mpya italegea tena upesi. Mkono huo ubadilishwe, au ujazwe kwa kuchomelea na kusawazishwa na fundi anayejua kipimo cha awali.

6. Paka grisi, valisha bushi mpya, rudisha mkono na kofia. Funika kitambaa juu ya tundu kila unapoondoka kufuata spana.

7. Mfuniko wa mpira uliochanika usirudishwe. Masika, maji na tope la barabarani hupita hapo mpaka kwenye giaboksi.

Bushi isipopatikana dukani, fundi wa kukereza anaweza kuitengeneza kwa nailoni ngumu akiwa na ya zamani kama kipimo. Epuka kukata tyubu au tairi kuziba nafasi. Mpira huo hulainishwa na oili, hukatika, na vipande vyake huishia kwenye meno ya gia.

Kabla ya kupanda tena

Jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwaka, halafu endesha kwenye tambarare bila mzigo. Hakikisha rivasi inaingia pale unapoitaka, na haijiingizi unapotafuta gia nyingine. Kisha jaribu mteremko mfupi, ukiwa umeachia mafuta na mguu ukiwa karibu na breki. Gia ikiruka, rudi gereji.

Na wewe abiria, ukimwona dereva ameshikilia mkono wa gia kwa nguvu mteremko mzima ili gia isitoke, gari hilo halistahili kushuka mlima na watu ndani. Mwambie asimame ushuke.