Je, dawa ya kupunguza uzito inaweza kuharibu kipimo cha dawa za kulevya kazini?

Umepata kazi kwenye ghala, kiwandani au kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Marekani, na umeambiwa ukapime mkojo kabla ya kuanza. Nawe unatumia dawa ya kupunguza uzito. Ni kawaida kuogopa: "Je, nikikosa kazi kwa sababu ya dawa niliyopewa na daktari?"

Jibu fupi: dawa nyingi za kupunguza uzito hazionekani kwenye kipimo hicho. Chache zinaweza kuleta jibu lisilo sahihi mwanzoni, lakini jibu hilo linaweza kusahihishwa. Hatari kubwa iko kwenye vidonge visivyo na jina lako.

Kipimo kinatafuta nini?

Kipimo cha kawaida hutafuta makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, PCP, na dawa za jamii ya afyuni kama heroini na oksikodoni. Hakitafuti dawa za kupunguza uzito.

Kwa kawaida mkojo hupitia hatua mbili. Ya kwanza ni ya haraka, na huangalia umbo la kemikali tu. Ni kama kumwona mtu kwa nyuma sokoni ukadhani ni dada yako. Hatua ya pili hufanyika maabara, kwa mashine inayotambua kila kemikali peke yake. Hapo mtu amegeuka, na unaona kama ni dada yako au siye.

Dawa zipi zina shida na zipi hazina?

*Sindano za semaglutidi (Wegovy), tirzepatidi (Zepbound) na liraglutidi (Saxenda).* Hizi hufanya kazi kama homoni zinazotolewa na utumbo baada ya kula. Hazifanani na dawa za kulevya, na hazibadilishi kipimo.

*Orlistati (Xenical na Alli).* Hii huzuia mwili usinyonye mafuta ya chakula. Nayo haina shida.

*Fentermini (Adipex-P, na pia ndani ya Qsymia).* Hapa uwe makini. Umbo lake linakaribiana na la amfetamini, kwa hiyo kipimo cha haraka kinaweza kusema una amfetamini. Kipimo cha maabara hutofautisha dawa hizi mbili.

*Bupropioni na naltreksoni (Contrave).* Bupropioni inaweza kuonekana kama amfetamini kwenye kipimo cha haraka, na naltreksoni inaweza kuonekana kama oksikodoni. Maabara hutofautisha hizi pia.

*Benzfetamini.* Hii ni tofauti na zote. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa amfetamini na methamfetamini za kweli, na hata mashine ya maabara itaziona. Kinachokulinda hapa ni kuwa daktari alikuandikia wewe dawa hiyo.

Vidonge vya rafiki na vya mtandaoni

Wengi wetu tumewahi kupewa kidonge na jirani: "Hiki kilinisaidia baada ya kujifungua, jaribu." Usikimeze. Kama ni benzfetamini, huna karatasi ya kujitetea. Na kama ni fentermini, haifai kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha.

Vidonge vinavyouzwa kama "dawa za asili" navyo si salama kwa sababu tu vimeandikwa hivyo. Mwaka 2006, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya kupunguza uzito kutoka Brazil vilivyokuwa na fenproporeksi. Dawa hiyo hugeuka kuwa amfetamini mwilini. Mama anaweza kumeza alichodhani ni majani, kisha mkojo wake ukaonyesha amfetamini ya kweli.

Kabla ya kwenda kupima

- Usiache dawa ghafla bila kuzungumza na daktari.
- Piga picha ya chupa au boksi la dawa. Jina lako, jina la dawa na tarehe viwe vinaonekana.
- Omba famasia wakuchapishie orodha ya dawa zako.
- Usinywe maji kupita kiasi ili "kusafisha" mkojo. Mkojo mwepesi mno unaweza kukufanya urudie kipimo.
- Usikimbie kipimo. Katika kazi nyingi, kukataa huhesabiwa sawa na kushindwa.

Kwa kawaida mwajiri haruhusiwi kukuuliza unatumia dawa gani kabla hajakupa nafasi ya kazi. Lakini kipimo kikionyesha kitu, unaweza kuulizwa kama kuna dawa inayoeleza jibu hilo.

Jibu likija baya

Usisaini kitu usichokielewa, na usiondoke kimya kwa aibu. Uliza kwanza: "Je, hiki ni kipimo cha haraka au kimethibitishwa maabara?" Kama ni cha haraka tu, omba kithibitishwe.

Mahali pengi kuna daktari anayekagua matokeo kabla mwajiri hajaambiwa. Akikupigia simu, pokea au umrudishie siku hiyo hiyo, hata kama namba huijui. Mwambie jina la dawa, daktari aliyekuandikia na famasia yako. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri: anaweza kukosea jina la dawa, na huo ni mzigo mkubwa kwake.

Kama unaendesha lori au basi chini ya sheria za Wizara ya Usafiri, mkojo wako hugawanywa katika chupa mbili. Ukiambiwa na daktari huyo kuwa jibu limethibitishwa, una saa 72 kuomba chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine. Kwa kazi nyingine, sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo omba utaratibu wa mwajiri wako kwa maandishi.

Kumbuka

Dawa uliyoandikiwa kwa jina lako si kosa, na si jambo la kuficha. Weka karatasi zake pamoja na vyeti vya watoto na karatasi zako za kazi. Na kidonge usichojua kilikotoka, usikimeze, wala usimpe binti yako.